Bima ya Mkopo Baada ya Kuaga Mshahara

Mtu anapokabidhi kitambulisho cha kazi na kwenda kusimamia shughuli yake mwenyewe, kuna mambo kadhaa yanayomtoka kimyakimya. Kadi ya matibabu iliyokuwa ikilipiwa na mwajiri hufungwa, mara nyingi mwezi huohuo. Bima ya maisha ya kikundi, ile ambayo wafanyakazi wengi hata hawajui kwamba wanayo, hukoma. Nchini Tanzania, ulinzi wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, haumfuati mtu kwenye karakana yake. Kenya nayo ina Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, na sheria hiyo inamtazama mwajiriwa. Mkopo ndio unaomfuata mzimamzima, na riba yake juu.

Ndani ya makaratasi ya mkopo huo kuna kitu kingine kinachomfuata, ila nusunusu. Ni bima ya mkopo. Wakopaji wengi wanaijua kama mstari mmoja kwenye orodha ya makato: ada ya maombi, ada ya bima, halafu kinachobaki kinaingia kwenye akaunti. Siku ya kupokea fedha hakuna anayeuliza habari za mstari huo. Maswali huja baadaye, wateja wanapoadimika au mguu unapovunjika, na hapo majibu huwa yamekwisha kuandikwa zamani.

Bima hii kwa kawaida hulinda dhidi ya mambo matatu. La kwanza ni kifo: mkopaji akifariki, kampuni ya bima hulipa salio na warithi hawadaiwi. La pili ni ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi. La tatu, ambalo halimo katika kila mkataba, ni kupoteza ajira. Hapo kampuni hulipa marejesho ya miezi kadhaa, tuseme mitatu, sita au kumi na miwili, mkopaji akiwa anatafuta kazi nyingine. Katika yote matatu anayepokea fedha ni benki. Familia haishiki hata shilingi. Faida yake ni kutofuatwa na mdai.

Hata mkataba wenyewe mara nyingi si wa mkopaji. Benki na kampuni ya bima huwa na mkataba mmoja mkubwa wa kikundi, na kila anayekopa anaongezwa kwenye orodha kama jina jingine. Ndiyo maana wengi wanamaliza kulipa mkopo wa miaka mitano bila kuona karatasi ya bima kwa macho yao.

Chukua mfano wa kubuni, wenye hesabu za kweli. Fundi wa viyoyozi jijini Mwanza, mwajiriwa wa kampuni, anakopa shilingi milioni 12 kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua. Rejesho lake la mwezi ni kama shilingi 434,000, na linakatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Ada ya bima ni shilingi 300,000, na kwa kuwa hana fedha taslimu siku hiyo, benki inamkopesha hiyo pia. Baada ya kulipa marejesho 16 anaandika barua ya kuacha kazi, anakodi fremu Nyakato na kununua mitungi ya gesi. Ukiacha deni la ada hiyo ya bima, bado anadaiwa karibu shilingi milioni 7.45. Bima anayo. Swali ni kama bima hiyo bado inamtambua.

Kwenye kifo na ulemavu, jibu kwa kawaida ni ndiyo, ilimradi ada ililipwa na muda haujaisha. Kwenye kupoteza ajira, jibu karibu siku zote ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, aliacha mwenyewe, na mikataba ya aina hii humlinda aliyepunguzwa kazini, si aliyeandika barua ya kuaga. Humwacha nje pia aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, aliyemaliza mkataba wa muda maalumu na aliyestaafu mapema kwa hiari. Pili, tangu siku anafungua karakana hana tena ajira ya kupoteza. Hata hifadhi ya jamii inafuata mkondo huo: fao la kukosa ajira la NSSF nchini Tanzania, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Hapa inafaa kumtenga mtu mmoja ambaye hali yake ni tofauti: yule aliyepunguzwa kazini, kisha akaamua kujiajiri kwa sababu hakuona njia nyingine. Huyu huenda ana haki kamili ya kudai, na wengi wa aina yake hupoteza haki hiyo kwa haraka. Barua ya kupunguzwa inatoka Ijumaa, Jumatatu anasajili jina la biashara, na miezi miwili baadaye anakumbuka bima. Mikataba mingi ina muda maalumu wa kutoa taarifa, na mingi husitisha malipo pale mdai anapoanza kupata kipato kingine. Kwa mtu huyu, hatua ya kwanza ni kwenda benki na barua ya mwajiri inayotaja wazi sababu ya kuondolewa. Usajili wa biashara unaweza kusubiri wiki moja. Asitegemee mno kiinua mgongo pia. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inatoa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, kwa miaka isiyozidi kumi. Ya Kenya inatoa angalau siku 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa. Aliyefanya kazi miaka mitano Dar es Salaam anapata siku 35 za mshahara, na mkopo wa miaka mitatu unazimeza mara moja.

Nchi iliyolipia jambo hili kwa gharama kubwa ni Uingereza. Huko bima ya kulinda marejesho ya mkopo, inayojulikana kwa herufi tatu, PPI, iliuzwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1990 pamoja na mikopo binafsi, kadi za mkopo na mikopo ya nyumba. Mamlaka ya huduma za fedha ya huko, FCA, ilikadiria kwamba mikataba iliyouzwa ilifikia milioni 64. Septemba 2005, Citizens Advice, shirika linalowapa wananchi ushauri wa bure, lilipeleka malalamiko rasmi serikalini kuhusu biashara hiyo. Miongoni mwa makosa yaliyojitokeza tena na tena ni kwamba watu waliojiajiri waliuziwa ulinzi wa kupoteza kazi, ilhali masharti ya ndani yalisema wao watalipwa tu biashara ikifungwa moja kwa moja. Fundi bomba aliyekaa miezi miwili bila mteja hakuwa amefunga biashara. Dereva wa teksi ambaye gari lilikuwa gereji hakuwa amefunga. Ada walilipa kama wengine wote.

Mabenki yalipinga mahakamani kanuni mpya za kushughulikia malalamiko ya bima hiyo, yakashindwa Aprili 2011. Mwezi uliofuata benki ya Lloyds ilitenga pauni bilioni 3.2 za kurudishia wateja, na benki nyingine zikafuata. Dirisha la madai lilifungwa tarehe 29 Agosti 2019, na jumla ya fedha zilizorudishwa ikapita pauni bilioni 38.

Kesi moja ya huko inastahili kusomwa na kila anayetia sahihi fomu ya mkopo. Mwaka 2006 mjane mmoja, mhadhiri wa chuo, alikopa pauni 34,000 kutoka kampuni ya Paragon, alipe kwa miaka kumi. Bima aliyouziwa iligharimu pauni 5,780. Ada hiyo iliongezwa kwenye mkopo ili nayo izae riba. Ilimlinda kwa miaka mitano tu, nusu ya muda wa deni. Na asilimia 71.8 ya ada hiyo ilikwenda kwa dalali na mkopeshaji kama kamisheni, bila yeye kuambiwa kiasi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Novemba 2014 majaji wakaona kwamba kuficha kamisheni kubwa namna hiyo kuliufanya uhusiano wa pande mbili kutokuwa wa haki.

Australia nayo ilichunguza. Ripoti ya msimamizi wa masoko ya fedha ya nchi hiyo, ASIC, iliyotoka Julai 2019, ilionyesha kwamba kwa kila dola ya ada ya bima ya mikopo, wateja walirudishiwa senti 19 tu kama fidia. Kwa bima zilizouzwa pamoja na kadi za mkopo, senti 11.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Kanuni zilizoanza kutumika Agosti 2017 ziliweka kikomo cha ada: randi 4.50 kwa mwezi kwa kila randi 1,000 za salio katika mikopo mingi, na randi 2 kwa mikopo ya nyumba. Muhimu zaidi kwa mada hii, kanuni hizo hazikuishia kwenye kukosa ajira. Zimetaja pia kushindwa kuingiza kipato, na marejesho hulipwa hadi miezi 12. Kwa mwenye duka la kushona nguo, maneno hayo mawili, ajira na kipato, ndiyo yanayoamua kama atalipwa au hatalipwa.

Afrika Mashariki haijapitia kashfa ya ukubwa wa Uingereza, lakini mashine ya mauzo ni ileile. Tangu 2019 benki za Tanzania zina mwongozo rasmi unaoziruhusu kuuza bima kama wakala, na wakala hulipwa kamisheni. Hakuna haramu hapo. Ila afisa mikopo anaposema bima hii ni ya lazima na ni ya kampuni hii tu, mkopaji ajue kwamba anayezungumza ana maslahi yake mezani. Benki ina haki ya kudai mkopo wake ukingwe. Kwamba ukingwe na kampuni fulani pekee, kwa ada fulani pekee, hilo ni la kuulizwa kwa adabu na kwa maandishi.

Kwa hiyo fundi wa Mwanza afanye nini? Kabla ya kupeleka barua ya kuacha kazi, aende benki akaombe nakala ya cheti chake cha bima na masharti yake. Asikubali maelezo ya mdomo. Anachotafuta humo ni vitu vichache: jina la kampuni ya bima, tarehe ya kuanza na kuisha, mambo yanayolindwa, yasiyolindwa, na muda wa kutoa taarifa ya madai. Halafu atafute sehemu inayotaja hadhi ya kazi. Mikataba mingine husema ulinzi wote ni wa mkopaji aliye katika ajira ya kudumu; ikiwa maneno hayo yamo, hata ulinzi wa kifo na ulemavu unahitaji kuthibitishwa upya. Aandike barua au barua pepe kwa benki, nakala kwa kampuni ya bima, akieleza kwamba kuanzia tarehe fulani atakuwa amejiajiri, na aombe jibu linalosema kipi kinaendelea na kipi kimekoma. Jibu hilo ni mali. Siku ya madai, mtu mwenye barua yenye muhuri hasikilizwi sawa na mwenye kumbukumbu ya mazungumzo.

Wapo wanaoogopa kuiambia benki. Hofu yao haikosi msingi: mkopo wa mshahara hutolewa kwa riba nafuu kwa sababu mwajiri ndiye anayekata, na mikataba kadhaa inaipa benki haki ya kubadili masharti au hata kudai salio lote ajira ikikoma. Lakini benki itajua tu. Makato yasipofika mwezi wa kwanza, mfumo wake utaonyesha pengo kabla fundi hajapaka rangi mlango wa karakana. Anayekwenda mapema, bado ana hati ya mshahara mkononi na historia safi, ana nguvu ya kuzungumza. Anayefuatwa baada ya miezi mitatu anakuta mkopo wake unaelekea kuitwa chechefu na jina lake liko njiani kwenda kwenye taasisi za taarifa za mikopo, au CRB kama Wakenya wanavyoziita.

Mazungumzo hayo yana mtego wake. Suluhisho ambalo benki hulipendekeza haraka ni kuurefusha mkopo: miezi 20 iliyobaki inakuwa 40, rejesho linashuka, mteja anapumua. Ni nafuu ya kweli, na pengine ndiyo inayomfaa. Ila bima ya zamani iliandikwa kwa miezi 36. Isiporefushwa nayo, kuna miezi 20 ya mwisho ambayo familia itadaiwa yote, kama yule mjane wa Uingereza aliyekuwa na bima ya miaka mitano kwa deni la miaka kumi. Na ikiwa mkopo wa zamani unafungwa na mpya kufunguliwa, bima ya zamani hufa na mpya huanza upya, pamoja na fomu ya afya, muda wa kusubiri, na kifungu cha magonjwa yaliyokuwapo kabla. Aliyegundulika na kisukari mwaka jana alikuwa salama kwenye bima ya kwanza. Kwenye ya pili anaweza kujikuta nje. Aijaze fomu kwa ukweli mtupu, hata kama afisa aliye mbele yake anasema "weka hapana tu, twende haraka". Atakayeulizwa baadaye ni mjane au watoto, afisa atakuwa amehamia tawi jingine.

Ada iliyolipwa mara moja nayo ina hesabu yake. Zile shilingi 300,000 za fundi, zikikopwa kwa riba ileile kwa miezi 36, zinamgharimu karibu shilingi 390,000. Akiamua kuulipa mkopo wote mapema, tuseme kwa fedha za shamba aliloliuza, anapaswa kuuliza habari ya kurudishiwa sehemu ya ada ya miezi 20 isiyotumika. Asitarajie kupewa 20 ya 36. Hatari ya kampuni ya bima hupungua kadiri salio linavyopungua, kwa hiyo hesabu inayotumika mara nyingi huweka sehemu kubwa ya ada kwenye miezi ya mwanzo. Kwa mojawapo ya hesabu hizo zinazojulikana, atarudishiwa kama shilingi 95,000 badala ya 167,000. Bado ni fedha za mtungi wa gesi, na hakuna benki itakayompigia simu kumkumbusha.

Wanachama wa sacco wana mazingira tofauti kidogo. Huko mkopo wa mara tatu ya akiba hukingwa na wadhamini, wenzao wa kazini, na sacco nyingi zina bima inayofuta deni la mwanachama akifa. Kuacha kazi hakugusi ulinzi wa kifo iwapo michango inaendelea. Kinachoguswa ni wadhamini. Makato ya mshahara yakisimama na mkopaji asipolipa kwa njia nyingine, akiba zao ndizo zitakazoliwa, na bima haiingilii hapo. Ni adabu, na pia ni busara ya biashara, kuwaambia kabla hawajasikia kwa mweka hazina; hao ndio wateja wa kwanza wa wengi wanaojiajiri.

Baada ya kujua kipi kimekufa, linakuja suala la kuziba pengo. Hapa ushauri wa makala hii ni wa upande mmoja: aliyejiajiri asitafute bima nyingine ya kupoteza ajira, hata akiahidiwa kwamba hii ni tofauti. Kipato chake hakikatiki kama cha mwajiriwa. Kinayumba. Januari wazazi wanalipa ada za shule na hakuna anayetengeneza kiyoyozi. Oktoba joto la Mwanza linapanda na simu hazipumui. Hakuna kampuni ya bima inayolipia Januari. Dawa ya hilo ni fedha taslimu zilizowekwa kando, za marejesho matatu hadi sita, kwenye akaunti ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Kwa fundi wetu ni kati ya shilingi milioni 1.3 na 2.6. Ni nyingi, na pengine maana yake ni kuahirisha barua ya kuacha kazi kwa nusu mwaka. Afadhali hivyo kuliko kukopa kwa wakopeshaji wa riba kali, wale wa kausha damu, ili kulipa benki, njia ambayo mitaa mingi imeshuhudia mwisho wake, friji na televisheni vikibebwa kwenye guta.

Kifo ni jambo lingine, na hapo bima ina thamani. Anayeweza apate bima ya maisha ya muda maalumu yenye kiasi kinachozidi salio la mkopo, familia ikiwa ndiyo mnufaika, na benki ikipewa haki kwa kiasi cha deni tu. Tofauti yake na bima ya mkopo ya kawaida ni kwamba kiasi hakishuki kila mwezi, na ziada inabaki nyumbani. Kwa kijana asiyevuta sigara na mwenye afya njema, ada ya bima ya namna hiyo mara nyingi haitishi. Wasiotaka bima ya kawaida kwa sababu za dini wanaweza kuuliza takaful, bima ya misingi ya Kiislamu, ambayo Kenya ina kampuni yake tangu 2011 na Tanzania inasimamiwa na mamlaka ya bima, TIRA.

Ulemavu unahitaji kusomwa kwa makini kuliko vyote. Bima nyingi za mkopo hulipa pale mtu asipoweza kufanya kazi yoyote, milele, kwa uthibitisho wa daktari. Fundi aliyeanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono wa kulia hawezi kupanda ghorofani kwa miezi minne, ila anaweza kukaa dukani na kuuza vifaa. Kwa maneno ya mkataba, si mlemavu wa kudumu. Ofisini mshahara ungeendelea kwa muda wa likizo ya ugonjwa. Kwenye karakana kila siku ya plasta ni siku ya sifuri. Kwa hiyo kinachomfaa ni bima ya ajali binafsi yenye malipo ya kila wiki kwa ulemavu wa muda, au bima inayolipa kiasi fulani kwa kila siku ya kulazwa hospitali. Aulize jambo moja kabla ya kulipia: malipo ya wiki yatahesabiwa kwa kipato gani, na kitathibitishwa vipi?

Hapo ndipo mamlaka za mapato, TRA ya Tanzania na KRA ya Kenya, zinapoingia bila kualikwa. Mwajiriwa anathibitisha kipato chake kwa hati ya mshahara. Aliyejiajiri atatakiwa kuonyesha taarifa za benki, ankara na makadirio ya kodi. Anayewaambia watu wa kodi kwamba anaingiza shilingi laki mbili kwa mwezi hawezi kuiambia kampuni ya bima kwamba amepoteza milioni mbili. Kupitisha mauzo kwenye akaunti ya biashara tangu mwezi wa kwanza, hata yale ya elfu tano, kunamjengea ushahidi ambao baadaye utamfaa pia kwenye mkopo ujao.

Kosa jingine linalowakuta wafanyabiashara ni kudhani bima ya mkopo inalinda bidhaa. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na soko la Karume, hapohapo Dar es Salaam, likafuata tarehe 16 Januari 2022, mali iliteketea lakini madeni ya benki hayakuteketea. Wafanyabiashara wa Gikomba jijini Nairobi wanalijua hilo kwa kurudiarudia. Bima ya mkopo inamhusu mkopaji, mwili wake na uhai wake. Mashine, mzigo na fremu vinahitaji bima ya moto na wizi, mkataba mwingine kabisa. Hata ile nyongeza ya kulipia biashara iliyosimama kwa kawaida hufanya kazi pale tu kusimama kunapotokana na uharibifu uliotajwa kwenye bima, kama moto. Wateja kutokuja tu hakuhesabiki.

Mkopaji akiona ameuziwa asichostahili, au madai yamekataliwa kwa sababu isiyoeleweka, aanze kwa malalamiko ya maandishi kwa benki na kwa kampuni ya bima, na adai jibu la maandishi lenye kutaja kifungu. Yasipotatuliwa, Tanzania ina TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, pamoja na ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima inayojulikana kama TIO, zote zikitokana na Sheria ya Bima ya 2009. Kenya ina mamlaka yake, IRA, yenye dawati la kupokea malalamiko ya wateja. Hoja ya kupeleka huko ni fupi: nilipouziwa bima hii, muuzaji alijua au alipaswa kujua kwamba nimejiajiri, na kifungu fulani kinaninyima fidia kwa sababu hiyohiyo. Fomu ya mkopo yenye neno "mfanyabiashara" kwenye nafasi ya kazi ni ushahidi wa kutosha kuanzia.

Na nakala ya cheti isikae karakana. Kampuni ya bima hulipa salio kama lilivyokuwa siku ya kifo, na kwa kawaida haigusi malimbikizo ya miezi ambayo mkopaji mwenyewe alishindwa kulipa. Lakini benki haisomi matangazo ya misiba, na familia nyingi huendelea kupeleka marejesho kwa miezi kwa kuogopa nyumba kupigwa mnada. Mwenzi wa ndoa akijua jina la kampuni na namba ya cheti, anaweza kupeleka cheti cha kifo mapema, kusimamisha malipo hayo, na kudai yarudishwe yale yaliyolipwa baada ya tarehe ya msiba.